Mashine Bila Fundi ni Mzigo

Kila mwezi bei mpya za mafuta zinapotangazwa, mazungumzo katika madiko yetu, tangu Nungwi hadi Kizimkazi na tangu Wete hadi Mkoani, huwa ni yale yale. Mvuvi hupiga hesabu ya lita, huitazama bahari, kisha huamua kama ataondoka au atabaki pwani. Bei hizo hatuzipangi sisi. Hakuna tone la petroli wala la dizeli linalochimbwa katika visiwa vyetu. Mafuta yote hutujia kwa meli, na bei yake hufuata soko la dunia. Lakini liko jambo moja lililo mikononi mwetu wenyewe, nalo halizungumzwi vya kutosha. Jambo hilo ni kiasi gani cha mafuta tuliyokwisha kuyalipia hugeuka kuwa kazi, na kiasi gani hupotea bure.

Hapana injini isiyopoteza. Rudolf Diesel alipoipima injini yake mwaka 1897, mafundi wa Ulaya walistaajabu kwa sababu iligeuza zaidi kidogo ya robo ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa kazi, hali mashine za mvuke za zama hizo zilikuwa nyuma yake kwa mbali. Leo injini ya petroli iliyo katika hali njema hutoa baina ya robo na theluthi. Ya dizeli hupita hapo, na zile kubwa za meli hukaribia nusu. Kinachobaki hutoka pamoja na moshi na maji ya kupozea. Hasara hiyo imo katika maumbile ya injini yenyewe, na hatumlaumu mtu kwa ajili yake. Tunayoilalamikia ni hasara ya pili, ile inayoongezwa juu ya ya kwanza na matumizi mabaya, matunzo hafifu na ununuzi usiokuwa na mpango.

Tuchukue mashine za kupachika za mipigo miwili, ambazo wavuvi wetu wamezizoea kwa miaka mingi. Ni nyepesi, ni rahisi kufungua, na fundi wa kijijini huzifahamu. Lakini zile za aina ya zamani, zenye kabureta, zina ila moja kubwa. Mlango wa kuingizia mafuta mapya na mlango wa kutolea moshi huwa wazi kwa wakati mmoja, hivyo sehemu ya petroli hupita moja kwa moja na kutoka bila ya kuungua. Sehemu hiyo huweza kufikia robo ya mafuta yote. Ndiyo maana baharini huonekana utando wa rangi nyuma ya boti kama hizo, na utando huo ni fedha ya mvuvi inayoelea.

Mashine za mipigo minne hazina ila hiyo, kwa kuwa kila tendo lina wakati wake na milango yake. Lakini tusidanganyane. Mashine hizo ni nzito na ni ghali zaidi, na oili yake haichanganywi na petroli bali hukaa ndani na hupaswa kubadilishwa kwa saa maalumu, aghalabu kila baada ya saa 100 za kazi. Mwenye kununua mashine ya mipigo minne kisha akasahau oili yake atajuta kuliko aliyebaki na ile ya zamani.

Na huyo aliyebaki na ya zamani naye ana la kufanya. Watengenezaji wa mashine nyingi za mipigo miwili huagiza lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Wako wanaozidisha oili kwa kuamini kuwa wanaipenda mashine yao, kumbe wanaziba plagi, wanaongeza moshi na wanapunguza nguvu. Wako wanaopunguza kwa kubana matumizi, na hao huishia kununua pistoni. Kipimo ni kipimo. Hakihitaji kukisiwa kwa jicho wala kwa kifuniko cha chupa.

Jambo jingine ni rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi. Mashine nyingi huuzwa zikiwa na rafadha iliyokusudiwa boti nyepesi ya kwenda kasi. Ikifungwa hiyo hiyo katika boti nzito iliyojaa nyavu, barafu na watu 10, injini hulemewa. Hunguruma kwa nguvu zote lakini haifikii mizunguko iliyopangiwa na mtengenezaji. Hali hiyo hula mafuta na hufupisha umri wa injini. Dawa yake si kununua mashine kubwa zaidi. Dawa ni kubadili rafadha kwa ile yenye mpindo mdogo inayolingana na uzito wa chombo, na gharama yake ni ndogo sana kulinganisha na ya injini mpya.

Wazee wetu hawakuwa na petroli, lakini walijua kuwa chombo kichafu hakiendi. Walikipandisha pwani, wakakikwangua, wakakichoma kwa makuti na kukipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, ndipo kikarudi majini. Leo tunazo boti za faiba, na kwa kuwa zinang'aa juu, tunasahau kuwa chini zinaota mwani na makombe kama vyombo vya mbao. Injini haina njia ya kusema kuwa inavuta bustani. Hunywa mafuta tu.

Liko pia suala la mwendo. Kwa chombo kizito kinachokata maji bila ya kupanda juu yake, nguvu inayotakiwa huongezeka upesi mno kuliko mwendo unaopatikana. Nahodha akipunguza mwendo kwa moja ya tano, nguvu inayotakiwa hupungua kwa karibu nusu. Safari itakuwa ndefu zaidi kwa robo ya muda, lakini akifika atakuwa ameokoa kiasi cha theluthi ya mafuta yake. Tunajua samaki hangoji na soko halingoji, na asiye na barafu ana sababu ya kukimbia akirudi. Lakini wakati wa kwenda, sanduku likiwa tupu, haraka hiyo ni ya nini? Na pepo za kusi na kaskazi, zilizowafikisha mababu zetu hadi Uarabuni na kuwarejesha, bado zinavuma bila ya malipo. Boti yenye mlingoti na tanga dogo huokoa mafuta siku ya salama, na huokoa roho siku ya dhiki.

Tumesema roho, na hatukukosea. Injini inayopoteza mafuta mara nyingi ndiyo hiyo hiyo itakayozimika. Moshi mweusi wa dizeli hueleza kuwa hewa haitoshi au nozeli zimechoka. Moshi wa buluu hueleza kuwa oili inaungua kwa kulegea kwa ringi. Maji yasiyotoka katika tundu la kupozea hueleza kuwa pampu imekufa. Haya yote huonekana pwani, siku nyingi kabla ya hatari. Asiyeyasoma pwani atasomeshwa na Mkondo wa Pemba, jua likizama na maji yakivuta, na familia zikisubiri ufukweni kwa kurunzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna pa kujengea ukuta.

Somo hili si la wavuvi peke yao. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena takriban miezi 3. Majenereta yalinguruma kila mtaa, na wengi wetu tulijifunza kwa mifuko yetu tofauti ya jenereta iliyochaguliwa kwa hesabu na ile iliyochaguliwa kwa ukubwa. Jenereta kubwa ya dizeli inayowashwa kwa ajili ya taa chache na feni mbili haiungui vyema. Hujaa masizi, hula mafuta bila ya kazi na hufa mapema. Je, ofisi zetu za umma zimelikumbuka somo hilo? Ni majenereta mangapi, na magari mangapi ya serikali, yenye daftari linaloonyesha saa za kazi, maili, lita zilizotiwa na siku ya kubadilishwa filta? Asiyepima hawezi kujua kama anaibiwa na injini au na mtu.

Tangu kuundwa kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, Serikali imegawa boti na mashine kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Tunaipongeza kwa dhati, kwani mvuvi asiye na chombo ni mtu mwenye shamba asiye na jembe. Lakini kazi ya kugawa haimaliziki siku ya sherehe. Mashine huhesabiwa siku ya kukabidhiwa. Ingefaa zihesabiwe tena baada ya miaka 2, ijulikane ngapi zinafanya kazi, ngapi zimelala chini ya mkungu na ngapi zimefunguliwa ili vipuri vyake vitie uhai nyingine. Mashine bila fundi ni mzigo, na mzigo huo humwelemea maskini kwanza.

Kwa hiyo tunayo mambo manne ya kuwaomba wahusika. Kwanza, kila mashine inunuliwe kwa kulingana na chombo chake, pamoja na rafadha inayofaa, filta ya kutenga maji na mafuta, na akiba ya vipuri vinavyochakaa mapema. Pili, vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji, pamoja na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, vipewe jukumu la kuwafundisha vijana wa madikoni matengenezo ya injini za baharini, na kila diko kubwa liwe na fundi mwenye zana kamili. Tatu, ushuru wa plagi, filta, nozeli na pampu za maji utazamwe upya, kwani kipuri kikiwa ghali mvuvi hununua cha bandia, na cha bandia humrejesha dukani mara tatu. Nne, ukaguzi wa mafuta uzidishwe nguvu hadi vijijini yanakouzwa kwa madumu, kwa sababu petroli iliyotiwa maji au mafuta ya taa huharibu kwa siku moja kazi ya fundi ya mwaka mzima.

Kwa upande wao, tunawasihi manahodha na wenye vyombo wasingoje serikali kwa yale wanayoyaweza leo. Daftari la shilingi chache linatosha kuandika lita, masaa na safari. Kuiosha mashine kwa maji ya baridi baada ya kazi, kuchuja petroli kabla ya kuitia na kukwangua chombo kila bamvu kubwa hakuhitaji mfadhili.

Wako wanaosema kuwa zama za injini za mafuta zinapita, na kwamba mashine za umeme zitamaliza tabu yote hii. Huenda siku hiyo ikafika, nasi tutaikaribisha. Lakini mvuvi anayelala dago na kwenda mbali kutafuta samaki anazo injini za leo, na watoto wake wanakula leo. Tena, jamii isiyoweza kuitunza plagi haitaweza kuitunza betri.

Bandubandu huisha gogo. Lita moja inayopotea katika kila safari ya kila boti ni ada ya shule, ni dawa na ni unga. Hatuwezi kuipangia dunia bei ya mafuta, lakini tunaweza kuamua kuwa kila tone tulilolinunua lifanye kazi kabla ya kuwa moshi. Na tuanze sasa, pwani, kabla chombo hakijatiwa majini.