Dawa kali za maumivu: Mbona mishipa ya damu haizungumzwi?

Mwishoni mwa Julai 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaagiza watengenezaji wa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, zile zinazoitwa opioidi, wabadilishe maelezo ya dawa hizo ili hatari za kuzitumia kwa muda mrefu zionekane wazi zaidi. Morfini na oksikodoni zimo.

Kama kawaida, mjadala ulirudi kule kule: uraibu na mgonjwa kushindwa kupumua. Ni sawa, hizo ndizo hatari kubwa. Lakini kuna jambo la tatu ambalo wagonjwa huambiwa juu juu tu, au hawaambiwi kabisa. Nalo ni kile dawa hizi zinachoweza kufanya kwenye mishipa ya damu.

Presha inashukaje?

Morfini huufanya mwili uachie histamini, kemikali ile ile inayohusika na mzio. Mishipa ya damu inatanuka, presha inashuka. Aliyelala kitandani anaweza asihisi chochote. Shida ni pale anapoinuka ghafla kwenda chooni: kizunguzungu, macho yanaingia giza, anaanguka.

Kwa mzee anayemeza pia vidonge vya presha, au mtu aliyepungukiwa maji mwilini, hatari ni kubwa zaidi. Na nyonga ikivunjika, hapo ni tatizo jipya juu ya lile la mwanzo.

Si dawa zote za kundi hili ziko sawa. Fentanili haiachii histamini kwa kiwango cha morfini, na ndiyo maana wataalamu wa usingizi wengi huipendelea kwa mgonjwa ambaye presha yake haijatulia.

Kilichotokea Tennessee

Hiyo ni dawa inayotumika inavyotakiwa. Kuna kisa kingine kizito zaidi, na humo dawa yenyewe haikuwa mkosaji pekee.

Agosti 2012, daktari wa figo katika jimbo la Tennessee alitoa taarifa kwa idara ya afya kuhusu wagonjwa watatu. Walikuwa na dalili za TTP, ugonjwa adimu ambao vibonge vidogo vya damu huziba mishipa myembamba, chembe nyekundu zinapasuka zikipita na figo huweza kuumia. Wagonjwa watatu kwa mpigo si jambo la kawaida.

Wachunguzi walipofuatilia walipata wagonjwa 15. Kati yao, 14 walikiri kujidunga Opana ER, kidonge cha oksimofoni kilichotengenezwa na kampuni ya Endo kwa ajili ya kumezwa na kutoa dawa taratibu mwilini.

Sasa hapa ndipo penye kinaya. Mwaka huo huo kidonge hicho kilikuwa kimeingia sokoni kikiwa na umbo jipya. Kilifanywa kigumu kusagwa, ili watu waache kukinusa na kujidunga. Ugumu huo ulitokana na kemikali iitwayo polietilini oksaidi.

Ukikimeza, hakuna shida hiyo. Ila waraibu hawakuacha. Ambao walikuwa wakikinusa, baadhi walihamia kwenye sindano, na kemikali ile ikaingia moja kwa moja kwenye damu. Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la Blood uliwadunga simbilisi kemikali hiyo, nao wakapata upungufu wa damu na madhara ya figo. Kumbe kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiumiza mishipa.

Halafu yakaja mengine. Mwaka 2015, kaunti ya Scott huko Indiana ilikumbwa na mlipuko wa Virusi vya Ukimwi uliohusishwa na kuchangia sindano za oksimofoni. Zaidi ya watu 200 waliambukizwa, katika eneo la vijijini ambalo kabla ya hapo wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Juni 2017, FDA iliitaka Endo iondoe Opana ER sokoni, na mwezi uliofuata kampuni ikakubali. Ilikuwa mara ya kwanza mamlaka hiyo kuchukua hatua ya kuondoa opioidi iliyokuwa ikiuzwa kwa sababu ya madhara ya matumizi mabaya. Tangu onyo la Tennessee ilikuwa imepita takriban miaka mitano. Ni mingi mno.

Na huku kwetu?

Opana ER haikuwa dawa ya maduka ya hapa. Inayojulikana mitaani ni tramado, ambayo ni ya cheti cha daktari ingawa wapo wanaoipata bila cheti. Hao hawana wa kuwauliza kama wanatumia dawa nyingine, wala wa kuwapima presha.

Upande mwingine kuna mgonjwa wa saratani. Uganda imesifika kwa morfini ya maji inayotolewa bure, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Kwa mgonjwa huyo, habari za Tennessee si sababu ya kuacha dawa. Anameza, hajidungi, na morfini yake ya maji haina kemikali ile. Kuiacha ghafla kutamrudishia maumivu, pamoja na jasho, kuhara na kukosa usingizi.

Anachohitaji kumwambia muuguzi ni vidonge vingine anavyotumia, hasa vya presha na vya usingizi. Na asubuhi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, dakika moja au mbili, ndipo asimame. Wa kumshika mkono akiwepo, vizuri zaidi.