Neno la juma hili: midwife

Watoto wetu wanaosoma Kiingereza wanatuletea nyumbani neno midwife. Ni mkunga, yule ambaye sisi hapa tumezoea kumwita sage-femme, maana yake kwa Kifaransa mwanamke mwenye hekima. Wengi hufikiri kwamba mid ni «katikati» na wife ni «bibi ya mtu». Sivyo.

Waingereza wanalitumia neno hilo tangu karibu mwaka 1300. Zamani hizo mid ilikuwa «pamoja na». Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, mpaka leo wanasema mit. Na wif alikuwa mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa. Basi midwife ni «mwanamke aliye pamoja na» mama anayezaa. Hata mwanaume wa kazi hiyo anaitwa midwife, na hakuna cha kuchekesha.

Jina hilo halisemi kitu juu ya dawa wala makasi. Kifaransa kinasifu akili ya mkunga. Kiingereza kinasema tu kwamba yuko pale. Sisi tunapenda hili la pili. Mama aliye katika uchungu hana nafasi ya kupima hekima ya mtu, lakini anajua vizuri kama yuko peke yake.

Na wengi wanaachwa peke yao. Sage-femme mmoja anahangaika usiku na wamama kadhaa, huku dada aliyemsindikiza mzazi anaambiwa angoje nje. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza kwamba kila mama anayezaa awe na msindikizaji aliyemchagua yeye mwenyewe. Aliyemchagua mwenyewe, tunarudia. Si lazima awe mama mkwe! Msindikizaji hachukui kazi ya mkunga. Anashika mkono, anasugua mgongo, anatoa maji ya kunywa, na akiona damu inatoka nyingi anakimbia kuita.

Ninyi wenye mimba, mkienda CPN ulizeni mapema kama mtu wenu anaruhusiwa kuingia katika chumba cha kuzalia. Wakikataa, mtuambie siku ya mkutano, nasi tutatuma wamama wawili kuzungumza na wakubwa wa maternite hiyo.