Asilimia ya Nini?



Katika madarasa mengi ya kisomo, maswali ya asilimia huachwa hadi mwisho. Mwalimu huyaogopa, na wanakisomo huyaogopa zaidi. Mtihani ukikaribia, kanuni huandikwa ubaoni haraka haraka: gawa ongezeko kwa thamani ya mwanzo, kisha zidisha kwa 100. Watu huikariri. Siku ya mtihani wanakutana na swali la maneno, lenye mahindi na shilingi ndani yake, na kanuni yote inawatoka kichwani.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima hapa Kilosa. Kwa maoni yangu, kosa si la wanakisomo. Hufundishwa kugawanya kabla ya kufundishwa kuuliza.

Asilimia 25 maana yake ni 25 katika kila 100. Mtu anayeuza nyanya kwa mafungu gulioni haoni ugumu hapo. Ugumu uko katika neno ambalo swali halilitaji: asilimia 25 ya nini?

Tuchukue swali kama linavyokuja katika mtihani. "Debe la mahindi liliuzwa shilingi 10,000. Sasa linauzwa shilingi 12,500. Bei imepanda kwa asilimia ngapi?"

Kwanza tafuta ongezeko. 12,500 toa 10,000 ni 2,500. Mpaka hapo karibu darasa zima hupata. Sasa, 2,500 igawanywe kwa ngapi? Wengine hugawanya kwa 12,500, kwa sababu ndiyo bei ya leo, ndiyo iliyo mbele ya macho yao. Wanapata asilimia 20. Si sahihi. Bei ilianza safari yake kwenye 10,000, na hapo ndipo ilipopandia. Basi gawa 2,500 kwa 10,000, zidisha kwa 100. Jibu ni asilimia 25.

Mtu mzima atauliza: kuna tofauti gani kati ya 20 na 25, ikiwa shilingi ni zile zile 2,500? Hilo ni swali zuri. Jibu lake liko barabarani Mikumi, magari ya wanunuzi yanaposimama. Tuseme mnunuzi anamwambia mkulima: "Mzee wangu, mwezi uliopita nilikuongezea asilimia 25. Leo napunguza asilimia 20 tu. Bado umebaki na asilimia 5 zako." Maneno matamu. Lakini asilimia 20 ya leo inakatwa katika 12,500, nayo ni shilingi 2,500. Debe limerudi palepale, shilingi 10,000. Hizo asilimia 5 haziko mfukoni mwa mzee wala mahali pengine popote.

Jambo hilo hilo hutokea tunaposikiliza habari redioni. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000 kwa mwezi. Mwezi Julai 2025 kikapanda tena kwa asilimia 35.1, kikafika 500,000. Je, kwa mara zote mbili kimepanda kwa asilimia ngapi? Anayejumlisha 23.3 na 35.1 atapata 58.4, naye atakuwa amekosea. Kutoka 300,000 hadi 500,000 ni ongezeko la 200,000. Gawa kwa 300,000, zidisha kwa 100, utapata karibu asilimia 67. Asilimia haziwezi kujumlishwa hapa, maana ile ya kwanza ni ya 300,000 na ile ya pili ni ya 370,000.

Tena wengi waliposikia habari hizo walidhani kila mtumishi ameongezewa kiasi hicho. Lakini tangazo lilitaja kima cha chini. Asilimia ya nini, na ya nani?

Kuna wanaosema hesabu hizi ni za watoto wa sekondari, na kwamba mtu mzima inamtosha kujua kujumlisha na kutoa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulipima kuhesabu pamoja na kusoma na kuandika, kwa sababu mkulima hakuitwa darasani ili ajifunze kuandika jina lake tu. Leo mikopo ya VICOBA ina riba kwa asilimia. Anayesaini ni mkulima huyo huyo.

Ombi langu ni kwa wanaotunga majaribio ya madarasa yetu. Kabla ya kugawanya, mwanakisomo aandike sentensi moja kwa maneno yake: "Ninalinganisha na bei ya kwanza, shilingi 10,000." Apewe alama kwa sentensi hiyo hata kama atakosea kugawanya. Nitaambiwa kwamba kusahihisha kutachelewa. Na kuchelewe.

Kisha lumbesa iletwe darasani. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, lakini wakulima bado wanaijua vizuri. Tuseme gunia la kilo 100 ni shilingi 100,000, yaani kilo moja ni shilingi 1,000. Mnunuzi anashindilia hadi kilo 125, kisha analipa shilingi 100,000 zile zile. Kilo zimeongezeka kwa asilimia 25. Na bei ya kilo moja? Sasa ni shilingi 800. Imepungua shilingi 200 katika 1,000, nayo ni asilimia 20. Kuna watakaosema imeshuka kwa asilimia 25, kwa kuwa kilo zimezidi kwa 25. Mwalimu asikimbilie kuwasahihisha. Awape chaki wabishane.