Kazi ya mwanao hainunuliwi kwa fedha ya sare

Mzazi mwenzangu, kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na siku ya kwenda shule au chuo, kijana hukaa nyumbani miezi mingi. Hapo ndipo maneno huanza: "Mtafutie hata kibarua." Na matapeli wanajua kwamba tunahangaika.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Binti yangu alipata ujumbe kwenye WhatsApp kwamba amechaguliwa kuwa mhudumu wa mapokezi katika kampuni moja mjini. "Mama, wanataka elfu themanini ya sare na vipimo vya afya. Usaili ni kesho asubuhi," akaniambia, uso umemjaa furaha. Sikutaka kumvunja moyo, nikatuma. Kesho yake namba haikupatikana.

Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa mwezi mzima hakutaka kuomba kazi popote. Alijiona mjinga, wakati mimi mtu mzima ndiye niliyeziona dalili nikanyamaza.

Dalili zenyewe zilikuwa wazi. Kazi hiyo hakuiomba. Waliharakisha ili tusipate muda wa kuuliza. Na walitaka fedha kabla ya kumwona. Mwajiri wa kweli ndiye anayemlipa mfanyakazi. Hata nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa bure kupitia Ajira Portal. Utagharamia bando, na pengine kuskani vyeti, basi. Anayekwambia ana "mtu wake ndani" anataka fedha yako.

Sasa nyumbani tuna sheria moja: fedha haitoki siku hiyo hiyo. Tunatafuta wenyewe namba ya ofisi na kupiga, hatupigi ile iliyo kwenye ujumbe. Ikiwezekana, mtu mzima anakwenda kuona ofisi ilipo.

Ile elfu themanini ingefaa zaidi kwenye nyaraka. Panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA kama ameshafikisha miaka 18. Soma majina herufi kwa herufi. Wengi wetu tulimwandikisha mtoto shule kwa jina la babu, na cheti cha kuzaliwa kikaja na jina jingine. Kwenye usaili wa serikali, mwenye majina yanayotofautiana hutakiwa kuwa na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Siku ya usaili si siku ya kumtafuta wakili. Na cheti chenyewe kikitoka, akakichukue shuleni mapema. Karatasi ya matokeo haikubaliki badala ya cheti.

Kisha msaidie kufungua barua pepe yenye jina lake halisi, na nywila aiandike kwenye daftari. Wasifu wake uwe ukurasa mmoja. Atasema hana uzoefu. Muulize: nani aliyekaa dukani kwa shangazi likizo nzima? Nani anayewafundisha hesabu watoto wa jirani? Hayo aandike, bila kuongeza chumvi. Wadhamini atakaowataja awaombe ruhusa kwanza, wasishtukie simu ya mtu wasiyemjua.

Akipata kibarua, usifurahi ukaishia hapo. Sheria ya kazi ya Tanzania hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumkosesha masomo. Kazi hatarishi haziruhusiwi kabisa kabla ya miaka 18. Nenda ukaone anapofanyia kazi. Uliza anatoka saa ngapi, atalipwa kiasi gani na lini. Bosi mwema hatachukia maswali hayo.

Kama anayetafuta kazi ni wewe mwenyewe, baada ya kupunguzwa kazini au biashara kuyumba, haya yanakuhusu pia. Usione aibu kuwaambia watu. Binti yangu hatimaye alipata kazi kwenye duka la vifaa vya shule, kwa sababu jirani alisikia kwamba anatafuta na akamtaja kwa mwenye duka. Alikwenda na wasifu wake wa ukurasa mmoja, akaambiwa aanze Jumatatu.

Hakuna aliyemwomba hata senti. Sare alipewa.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kumwambia mwanao akatafute kazi, toa lile begi la vyeti kabatini. Kaeni pamoja, myasome majina.