Waraka kwa Wanachama: Joto la Saiti, Desemba hadi Machi

Ndugu mafundi na vibarua wenzangu,

Msimu wa joto kali la Dar es Salaam umekaribia, nami sitaki tuupokee kama tulivyoupokea uliopita.

Wengi mnamkumbuka yule kijana aliyeanguka siku tulipomwaga zege la ghorofa ya tatu. Ilikuwa siku yake ya pili kazini. Alianza kuyumba, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka, sisi tukasema amelewa. Mwingine akasema malaria. Tukamlaza chini ya mabati, zege likaendelea. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ile robo saa tuliyoipoteza bado inaninyima usingizi.

Mtu aliyekuwa akifanya kazi juani, mwili ukawaka na akili ikavurugika, tumchukulie kwamba amezidiwa na joto mpaka daktari aseme vingine. Asiachwe peke yake. Mpelekeni kivulini, mvueni buti na ovaroli, mmwagieni maji ndoo kwa ndoo huku wengine wakimpepea. Msisubiri jasho likauke, kwani wapo wanaozidiwa huku bado linawatiririka. Asiyejitambua msimnyweshe chochote, kitampalia. Bajaji iitwe papo hapo, ila maji yasisimame mpaka ifike. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo, figo na ini huweza kuharibika upesi.

Na kwa nini ilikuwa siku ya pili? Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na vifo vingi vya joto kazini hutokea siku za mwanzo. Kwa hiyo mgeni, siku ya kwanza, apewe kazi nzito kwa sehemu moja tu ya tano ya muda wa kawaida, kisha tumwongezee kila siku hadi wiki iishe. Mkongwe aliyetoka kuugua naye aanze polepole. Najua kibarua hulipwa kwa siku, na anayekaa kivulini huogopa kwamba kesho hataitwa. Ndiyo maana jambo hili nalikabidhi kwa mafundi. Kijana mgeni hatathubutu kuomba kupumzika. Tumwambie sisi, mbele ya nyapara.

Maji ni kikombe kila baada ya dakika 15 hadi 20, kiu iwepo isiwepo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Nyuzi 32 za hapa si nyuzi 32 za Dodoma.

Ramadhani ya 2027 itaanza Februari. Wenzetu waliofunga wapewe kazi za alfajiri na za kivulini, na asiwepo wa kuwasimanga.

Kuhusu saa za kazi, kamati itawaomba wakandarasi tuanze saa 12 asubuhi na kazi za juani zisimame mchana. Qatar, wanakokwenda vijana wengi wa Afrika Mashariki kutafuta riziki, tangu 2021 imekataza kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kati ya Juni mosi na Septemba 15. Mkandarasi akisita, mkumbusheni kwamba zege lililomwagwa jua la utosi hukauka haraka na kupasuka.

Kila kikosi kilete jina la mtu wake atakayesimamia maji ya kunywa kabla ya Jumamosi.

Katibu wenu,
kwa niaba ya kamati