Siri ya Bi Mkubwa Daftarini mwa Kijana

Zamani, asiyejua kusoma alikwenda kwa mwandishi wa barua, akaketi naye kibarazani, akasema lake, likaandikwa. Mwandishi yule aliyajua ya nyumba nyingi, walakini alikuwa mtu wa mtaa: akipayuka, hana pa kuuweka uso siku ya Ijumaa.

Nimeyakumbuka hayo juma lililopita, nilipomsindikiza jirani yangu, bi mkubwa mmoja wa hapa Mji wa Kale, kumtafutia mjukuu wake cheti cha kuzaliwa. Ofisini tuliambiwa neno moja tu, tukaombe kwenye kompyuta. Tukaenda kibandani. Kijana wa pale, mpole wala si mtu mbaya, akamuuliza nambari ya kitambulisho na ya simu. Kisha akamuuliza baruapepe.

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

Kijana akamtungia moja, akatunga na neno la siri, akayaandika yote katika daftari lake mwenyewe! Bi mkubwa akalipa, akamwombea dua, akaondoka. Ufunguo ukabaki kibandani.

Nisije nikadhaniwa napinga maendeleo. Mtandao wa eCitizen ulianza mwaka 2014, na kati ya mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa humo. Mtu wa Faza au Kiunga, ambaye kufuata karatasi moja humpandisha chombo na kumlaza ugenini, ana haki ya kuufurahia. Hata anayenuia Hija huombea pasipoti humohumo.

Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona basi kurasa tulizofunguliwa siku ile zilikuwa Kiingereza kitupu, tena Mombasa? Bi mkubwa hakuweza hata kuona kama jina lake limeandikwa sawa. Na sisi tunajua herufi moja ya jina ina uzito gani. Wazee wetu wengi wamewahi kuagizwa vyeti vya baba na babu kabla ya kupewa kitambulisho.

Rai yangu ni hii. Kila kamati ya msikiti, ikishirikiana na akina mama wa mtaa, ichague vijana wawili wanaojulikana kwao, wa kiume na wa kike. Wakae madrasa baada ya Alasiri, wamsomee mtu kwa Kiswahili kila kinachoandikwa, na neno la siri aondoke nalo mwenyewe. Ujira wapewe, maana kazi ni kazi.

Jana tulirudi kibandani. Kijana hakubisha; alilibadilisha neno la siri mbele yetu, akachukua mkasi, akaikata mistari ya bi mkubwa, akampa mkononi. Daftari akalirudisha mezani. Lilikuwa limejaa mpaka jalada la nyuma.