Jino la Mbele Lililovunjika: Tiba Isicheleweshwe



Baadhi ya wazazi huuliza: kijana aliyevunjika jino la mbele akitengenezewa, je, huko si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Shaka hiyo isimfanye mtoto aishi akificha kinywa chake kwa kiganja.

Lililokemewa ni kuchonga meno yaliyo mazima kwa ajili ya urembo. Kurejesha kilichoharibika ni tiba. Swahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha. Ilipotoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aweke ya dhahabu. Kwa kisa hicho wanazuoni waliruhusu pia kukaza meno kwa dhahabu penye haja.

Lililobaki ni kufanya haraka. Kipande kilichovunjika kitafutwe, kiwekwe katika maziwa au maji safi, na kijana afikishwe kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo. Mara nyingi kipande hicho huweza kugandishwa mahali pake. Kikikosekana, daktari hujenga sehemu iliyopotea kwa resini yenye rangi ya jino, inayokazwa kwa mwanga wa buluu, bila kulichonga sana jino.

Ikionekana nukta nyekundu katikati ya mvunjiko, basi kiini cha jino kimefichuka. Kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake haujakamilika, kiini kikifa mzizi hubaki mwembamba na dhaifu. Kikifunikwa mapema kwa dawa, aghalabu husalimika.

Jino la ukubwani likin'goka zima, lisishikwe mzizi. Lisuuzwe kidogo, lirudishwe tunduni mara moja. Isipowezekana, litiwe katika maziwa na kupelekwa hospitalini, ikiwezekana ndani ya saa 1. Jino la utotoni halirudishwi.

Wala mzazi asiridhike kwa kuwa maumivu yametulia. Kiini huweza kufa kimyakimya, jino likageuka kijivu miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo kijana arejeshwe kwa daktari baada ya wiki 6 hadi 8, na tena baada ya mwaka 1.

Mtoto ni amana, na tabasamu lake ni sehemu ya amana hiyo. Tusimwachie aibu ambayo tiba yake ipo.